Namna ya kuandaa igizo shirikishi la vijana kuhusu afya ya akili

Tangu nianze kazi ya maigizo na vijana wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, mara nyingi tumeombwa igizo la kuelimisha: kijana mwenye sonona analia, mtaalamu anatokea mwishoni na kutoa ushauri, watu wanapiga makofi na kutawanyika. Sijawahi kuona igizo la namna hiyo likimfungua kijana mdomo. Linalomfungua ni lile linalokatishwa pabaya, kisha yeye mwenyewe akapewa nafasi ya kupanda jukwaani na kulielekeza kwingine. Mbrazili Augusto Boal aliibuni namna hiyo ya kuigiza alipokuwa akifanya kazi nchini Peru mwaka 1973, lakini roho yake si ngeni kwetu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kuyachambua matatizo yao, mimba za wanafunzi zikiwemo, na kuyatia katika ngoma na maigizo. Mwaka 1996 idara ya walimu hao ilianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walizitambua kero zao na kuzisema kwa njia ya sanaa. Hatua zifuatazo zinafuata nyayo hizo.

Hatua ya kwanza: tafuta wa kuwapokea vijana kabla hujatafuta waigizaji

Igizo likigusa palipo na kidonda, kuna mtu atakufuata nyuma ya pazia akueleze jambo ambalo hajawahi kumweleza yeyote. Wewe ni msanii, si mganga wa nafsi, na kumsikiliza kwa huruma peke yake hakutoshi. Kwa hiyo nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako na kwenye kituo cha afya kilicho karibu, uulize nani hasa huwapokea vijana wenye msongo wa mawazo, siku zipi, na kwa gharama gani, kisha umwombe mtu huyo awepo siku ya onyesho. Kwa walio chini ya miaka 18, kundi zima lijue namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Usipompata mtu wa kupokea, ahirisha onyesho.

Vibali vya serikali ya mtaa au vya mkuu wa shule, pamoja na ridhaa za wazazi kwa maandishi, vishughulikiwe wakati huohuo.

Hatua ya pili: unda kundi na makubaliano yake

Vijana wanane hadi kumi na wawili wanatosha, wakikutana mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi miwili hivi. Siku ya kwanza waandike wenyewe makubaliano yao, ukihakikisha mawili hayakosekani: linalosemwa mazoezini halitoki nje, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, na kila mmoja ana haki ya kusema "napita" bila kuulizwa sababu. Haki hiyo ya pili iheshimiwe hata na wewe unapokuwa na haraka.

Hatua ya tatu: kusanya visa bila kumvua mtu nguo

Hapa ndipo makundi mengi huumia, na mimi mwenyewe niliumiza. Miaka ya mwanzo, katika shule moja, nilimruhusu msichana aigize kisa chake mwenyewe cha nyumbani kwa sababu alikitaka na kwa sababu alikiigiza vizuri mno. Mbele ya wenzake mia kadhaa alikwama katikati ya sentensi, akasimama akitetemeka, na kwa wiki nyingi baadaye ukumbi ule ulimjua kwa kisa kile. Hakukuwa na mtaalamu karibu, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, kwetu hakuna anayeigiza maisha yake.

Badala ya kuwauliza vijana "wewe kimekupata nini?", waulize "kijana wa mtaa huu anakosa usingizi kwa sababu gani?" Kisha wagawe watatu watatu, kila kundi litengeneze picha ya mwili: wasimame kama sanamu wakionyesha jibu lao bila maneno, na wengine wazunguke kuitazama na kusema wanachokiona. Picha ya mwili husema mapema kuliko mdomo. Katika kundi moja, tulipouliza kuhusu matokeo ya kidato cha nne, makundi matatu kati ya manne, bila kushauriana, yaliweka mtu mmoja aliyewageuzia wenzake mgongo akiwa ameinamia simu. Tukajua tumepata igizo. Yale yaliyosemwa kuhusu picha zote yachanganywe, majina na mahali vibadilishwe, hadi asiwepo hata mmoja anayeweza kusema "huyu ni mimi" wala "huyu ni fulani".

Uangalifu huu una sababu ya kisheria pia: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimekuwa kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana akikiri jambo hilo hadharani anaweza kujiletea mashaka juu ya mashaka.

Hatua ya nne: jenga igizo fupi linaloishia pabaya

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Igizo letu lina mhusika Saidi, aliyepata sifuri mtihani wa kidato cha nne. Baba anazima redio na kutoka bila neno. Mama anawaambia majirani kuwa mtoto ana malaria. Rafiki anamtania kwenye simu. Saidi anaacha kula, anaacha kwenda uwanjani, anaanza kugawa vitu vyake, na onyesho linakatikia hapo. Zingatia kwamba hakuna mhusika mbaya. Baba anayepiga kelele na kurusha viti humpa mtazamaji mtu wa kumchukia, lakini baba aliyenyamaza kwa aibu humkumbusha nyumbani kwake, na ni huyo ambaye mtazamaji anaweza kujaribu kumbadilisha. Kila tukio liwe na upenyo ambapo mtu mmoja angefanya jambo dogo tofauti.

Kifo kisionyeshwe jukwaani, wala njia ya kujiua isitajwe, hata kwa fumbo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo kwa watu wa filamu na jukwaa unaotahadharisha juu ya jambo hilo, kwa kuwa mtazamaji aliye katika hali tete anaweza kuiga anachokiona. Epuka pia neno "kichaa" na vichekesho vinavyolitegemea.

Hatua ya tano: onyesha, kisha anza upya

Igizo huonyeshwa mara ya kwanza hadi mwisho. Kisha mwezeshaji anaieleza hadhira kwamba litarudiwa, na kwamba yeyote anayeona mhusika angeweza kutenda vingine apaze sauti: "Hapo hapo!" Waigizaji wanaganda, naye anapanda kuchukua nafasi ya mhusika huyo. Nafasi zinazochukuliwa zisiwe ya Saidi tu, bali na za wanaomzunguka, maana tutakuwa tumemtwisha mgonjwa kazi ya kujiponya. Mwezeshaji hasemi "vizuri" wala "umekosea", anaiuliza hadhira: "Je, kwetu hili linawezekana?" Waigizaji nao wasimlegezee aliyepanda, bali waendelee kushikilia tabia za wahusika wao mpaka wasukumwe kweli.

Jioni moja msichana wa miaka kama 15 alichukua nafasi ya mama. Tulitarajia hotuba. Aliketi mkekani, akaisogeza sahani ya Saidi karibu na yake, akaanza kula polepole bila kusema kitu, mpaka kijana aliyemwigiza Saidi akanyoosha mkono. Uwanja mzima ulinyamaza. Mwezeshaji mwenye pupa angejaza kimya kile kwa maelezo, wetu alikiacha.

Hatua ya sita: vua uhusika, na urudi

Baada ya onyesho, kabla ya soda na kabla ya picha, waigizaji waunde duara. Kila mmoja aweke chini vazi au kifaa cha mhusika wake, ataje jina lake halisi na jambo moja atakalolifanya atakapofika nyumbani. Aliyeigiza Saidi asirudie nafasi hiyo zaidi ya maonyesho mawili mfululizo, pokezaneni.

Wakati huohuo mtaalamu akae mahali panapoonekana lakini pasipo wazi kiasi cha kumwaibisha anayemwendea. Sisi humweka karibu na bomba la maji, ambako kila mtu ana sababu ya kupita. Baada ya wiki moja rudini mahali palepale bila igizo, mkiwa na mikeka tu, na mtaalamu yuleyule awepo. Wanaokuja huwa wachache, na mara nyingi ni wazazi. Visa vya igizo jipya visianze kukusanywa kabla ya kikao hicho kufanyika.