Jinsi ya Kufundisha Soneti ya 18 ya Shakespeare kwa Wanafunzi Wanaozungumza Kiswahili

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma tarbia anajua mizani na vina, kwa hiyo anzia hapo. Tenga vipindi 2 vya dakika 40.

Usigawe karatasi mapema. Soma soneti yote, yaani shairi lenye mishororo 14, kwa sauti mara 2, polepole, wao wasikilize tu. Kisha andika ubaoni mshororo wa kwanza: "Shall I compare thee to a summer's day?" Wahesabu silabi, ni 10. Sasa gonga meza penye mkazo: I, pare, to, sum, day. Mapigo 5. Tarbia huhesabu mizani, 8 kwa 8. Soneti hupanga na mkazo pia, silabi nyepesi kisha nzito.

Mapigo huharibika kwa sababu mbili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakipendi neno liishie konsonanti. Basi "summer's" inageuka "samazi", mkazo ukihamia kwenye "ma". Katika mshororo wa 6, "dimm'd" ni silabi moja tu. Akisema "dimudi", mshororo unafika 12. Warudie neno peke yake kwanza, halafu ndani ya mshororo.

"Temperate", mwishoni mwa mshororo wa 2, inahitaji uangalifu wa pekee. Leo Waingereza wengi huitamka kwa silabi 2, mshororo ukabaki na 9, na kina chake na "date" ya mshororo wa 4 kikapotea. Hapa isomwe silabi 3, ya mwisho isikike kama ndani ya "date".

Upande wa maana, eleza maneno yasiyozidi 8. "Thou" ni wewe mtenda, "thee" ni wewe mtendwa, "thy" ni -ako. Lakini neno linalopotosha zaidi ni "summer". Ukilitafsiri kiangazi ukaishia hapo, mwanafunzi ataona vumbi na majani makavu, ashangae mpenzi anasifiwaje hivyo. Mweleze Uingereza baada ya baridi ndefu: mwishoni mwa Juni, London hupata mwanga wa mchana kwa zaidi ya saa 16, na jua kwa kawaida si la kuunguza. Msimu huo ni mfupi. Ndiyo maana mshororo wa 4 unautaja kama mpangaji: "lease" ni mkataba wa kupanga, na "date" ni muda wake, ambao ni mfupi mno. Picha hii wanafunzi huielewa upesi kuliko zote, ikalie.

Kipindi cha pili, wagawie karatasi. Watafute "But" mwanzoni mwa mshororo wa 9. Hapo lawama juu ya kiangazi zinakoma na ahadi inaanza. Maisha ya Shakespeare yatoshe dakika 3. Soneti ilichapishwa 1609, inatosha.

Malizia na mshororo wa 14: "this" ni nini? Wengi watajibu "mapenzi". Usiwakatalie, warudishe mshororo wa 12, kwenye "eternal lines" (mistari ya milele), kisha uliza tena.