Namna ya Kuamua Kuhusu Chuo Kikuu Ukiwa Umetoka Katika Familia Yenye Kipato Kidogo

Vijana wengi waliokulia katika familia zisizo na uwezo hawafikii hatua ya kukataa chuo kikuu, kwa sababu walikwisha kukiondoa mawazoni mapema, kimya kimya, kwa kujiambia kwamba huko si kwetu au kwamba hakuna wa kulipa. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini, aliandika sana juu ya tabia hii ya watu kujitoa wenyewe mahali ambapo wanahisi hawatapokelewa. Mwongozo huu haumsukumi kila mtu aende chuo kikuu. Unataka anayekwenda na asiyekwenda wote wawe wameamua wakiwa na hesabu mkononi.

Anza na fedha, kwani ndizo zinazofunga mlango kabla ya jambo lingine lolote kuzungumzwa. Chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande wa kushoto andika gharama zote za mwaka mmoja: ada, malazi, chakula, nauli, vitabu na vifaa, bima ya afya, michango midogo midogo ya usajili na mitihani, pamoja na kipato ambacho familia itakikosa kwa kuwa hutakuwa kazini, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Upande wa kulia andika fedha zinazoweza kupatikana, lakini ufadhili usiorejeshwa uwe na mstari wake, na mkopo uwe na wake, maana hivyo viwili vikichanganywa hesabu itakudanganya. Kisha zidisha kwa idadi ya miaka ya masomo, uongeze mwaka mmoja wa tahadhari iwapo utalazimika kurudia. Uliza pia fedha hutolewa lini, kwa sababu mara nyingi huchelewa kufika wakati kodi ya chumba inadaiwa tangu siku ya kwanza, na uliza ni alama gani zitakufanya uupoteze ufadhili huo.

Usikubali ada iliyotangazwa ikuamulie. Kuanzia mwaka 2015, watafiti walishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani kuwatumia barua wanafunzi hodari wa kipato kidogo, wakiwaahidi kwamba wakikubaliwa hawatalipa ada. Wengi wao wangepata nafuu hiyo hata bila barua, ila hawakuwa na uhakika nayo, na ahadi hiyo ya wazi ilifanya walioomba na waliojiunga waongezeke zaidi ya maradufu. Kwa hiyo andikia ofisi ya udahili, uulize kwa maneno mafupi: mwanafunzi mwenye kipato cha familia kama changu hulipa kiasi gani hasa?

Mkopo unahitaji kusomwa polepole. Ipo mikopo inayorejeshwa kulingana na mshahara, kama ule ambao Australia iliuanzisha mwaka 1989, ambapo asiyefikisha kipato fulani hadaiwi chochote kwa wakati huo. Na ipo mikopo inayodai kiasi kile kile kila mwezi, uwe na kazi usiwe nayo. Hatari zake hazilingani hata kidogo. Tafuta katika mkataba tarehe ya kuanza kurejesha, kiwango cha riba, na jina la mdhamini. Ikiwa mzazi anatakiwa kuweka nyumba au shamba kuwa dhamana, mimi ningeutafuta mkopo mwingine kwanza.

Fomu zenyewe usizijaze peke yako. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, familia zilizosaidiwa kujaza fomu ya kuomba msaada wa masomo ziliona tofauti kubwa: vijana waliomaliza miaka miwili ya chuo ndani ya miaka mitatu iliyofuata walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Familia zilizopewa maelezo tu, bila mtu wa kukaa nazo, hazikunufaika. Tafuta basi mwalimu, mkutubi au mhitimu wa karibu, umwombe saa moja, na uende ukiwa na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani na uthibitisho wa kipato cha wazazi, ili kikao kisivunjike kwa kukosa karatasi moja.

Kuhusu nini cha kusoma, tazama programu kabla ya jina la chuo. Hakikisha ina ithibati, uulize ni wangapi huimaliza, na uzungumze na mtu aliyehitimu hivi karibuni pamoja na aliyeacha njiani. Huyu wa pili hujua mambo ambayo vipeperushi havisemi. Linganisha na stashahada au mafunzo ya ufundi, ambayo kwa baadhi ya kazi ni njia fupi na nzuri zaidi, na ambayo wakati mwingine huruhusu kuendelea hadi shahada baadaye.

Mazungumzo na wazazi yafanyike juu ya ile karatasi. Mzazi anayesema umalize shule utafute kazi huenda hapingi elimu, bali anahesabu mshahara wako katika karo za wadogo zako. Mwoneshe mistari yote, mkubaliane waziwazi ni kiasi gani utaweza kutuma nyumbani na katika miezi gani hutaweza, na usiahidi zaidi ya hapo kwa kuona haya.

Ukishakubaliwa, miezi inayotangulia kufungua chuo ndiyo inayowapoteza wengi, hasa wasio na mtu wa kuwakumbusha. Andika tarehe ya mwisho ya kila malipo na kila fomu. Ukishindwa malipo ya awali, omba kwa maandishi kusamehewa au kulipa kwa awamu kabla tarehe haijapita. Na ukiona ni lazima uahirishe mwaka mmoja, pata barua inayothibitisha kwamba nafasi imehifadhiwa, kisha uulize kando kuhusu ufadhili, kwani nafasi inaweza kukungoja huku ufadhili ukipewa mwingine.