Ukitaka mzee aseme ya moyoni, uliza mikono ikiwa kazini
Tangu mama afariki, baba alikuwa akinijibu "salama tu, mwanangu" kila nikimjulia hali. Siku hizi simuulizi tukiwa tumetazamana. Nakaa ubavuni mwake tukichambua maharage, kisha nauliza kitu kimoja kinachoshikika: "Baba, jana ulipata usingizi saa ngapi?" au "Mchana ulikula na nani?" Halafu nanyamaza. Hatujafika nusu ya ungo, ameshaanza kusema. Wanaume wa rika lake walilelewa kumeza uchungu, na "habari za leo" jibu lake ni "nzuri" tu. Swali la usingizi halimlazimishi kukiri kwamba amelemewa. (Mama zetu wengi wana kikoba au jumuiya ya kusemea. Kwa baba wengi, msikilizaji alikuwa mke peke yake.) Mbele ya wajukuu au wageni haifanyi kazi. Kama masikio yamepungua, kaa upande wa sikio linalosikia vizuri. Akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, mpeleke hospitali. Nyingi za serikali hapa Tanzania zina dirisha la wazee. Akisema amechoka kuishi, nendeni siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake.