Somo: Kupanga safari ya miguu hadi kambi ya msingi ya Everest

Nimeshakutana na watu kadhaa waliofika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ambao wanaidharau safari hii. Wanasema Uhuru ni mita 5,895 na kambi ya Everest ni mita 5,364, sasa kuna nini? Namba zao ni za kweli. Ila Kilimanjaro juu unapita tu: kwa njia ya Marangu unalala Kibo, mita 4,720, unatoka usiku wa manane, unapiga picha kileleni, na jioni hiyo hiyo uko Horombo, mita 3,720, unakunywa supu. Nepal unalala huko huko juu. Kuna usiku wa Lobuche, mita 4,940, na usiku wa Gorak Shep, mita 5,164, baada ya siku kadhaa ambazo hujalala chini ya mita 3,400. Kinachochosha mwili zaidi ni mahali unapolala, na ndiyo maana somo hili nimelipanga kwa vituo vya kulala. Bajeti, tiketi na mizigo vitafuata.

Hatua ya 1: Panga usiku wako

Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe kituo cha kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne upumzike. Ratiba inayokubalika ni hii:

Siku ya kwanza unatua Lukla (2,860) na kushuka kwa miguu hadi Phakding (2,610). Ya pili unapanda Namche Bazaar (3,440), na baada ya daraja refu la kuning'inia mlima unakuwa mkali kweli kweli. Ya tatu unabaki Namche. Ya nne Tengboche (3,860), penye monasteri kubwa ya Kibudha. Ya tano Dingboche (4,410). Ya sita unabaki Dingboche. Ya saba Lobuche. Ya nane unafika Gorak Shep, unaacha mizigo, unakwenda kambini na kurudi kulala. Ya tisa alfajiri unapanda Kala Patthar, kilima kilicho juu ya Gorak Shep, kisha unaanza kushuka hadi Pheriche. Ya kumi Namche, ya kumi na moja Lukla.

Angalia vizuri: kutoka Phakding hadi Namche ni mita 830 kwa mkupuo mmoja. Kanuni imevunjwa hapo kuliko kwingine kote, kwa sababu wengi hawalali katikati, na ndiyo sababu Namche unalala mara mbili. Wakala akikuletea ratiba ya bei rahisi yenye usiku mmoja Namche au mmoja Dingboche, muulize zile siku kazipeleka wapi. Bei imeshuka kwa sababu kakata siku, na siku hizo ndizo ulizokuwa unanunua.

Siku ya "kupumzika" si ya kulala kitandani. Ukiwa Namche unapanda hadi Khumjung au ile hoteli iliyo mita 3,880, unakunywa chai, unarudi kulala chini. Wapanda Kilimanjaro wanaijua hii.

Hatua ya 2: Msimu

Oktoba na Novemba, au Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ni mvua za monsuni: mawingu, matope na ndege kuahirishwa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba Aprili na Mei kambi inakuwa mji wa mahema, kwa sababu ndio wakati wapandaji wa kilele wako pale. Ukienda Novemba utakuta mawe, barafu ya Khumbu (ndilo jina la eneo hili lote) na bendera za maombi. Mimi napenda Novemba kwa anga yake safi, lakini kama umejitesa kote huko ili uone kambi yenye watu, nenda Aprili.

Hatua ya 3: Lukla

Uwanja wa Lukla una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 527 tu, imejengwa kwa mwinuko, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Rubani anatua kwa macho, kwa hiyo ukungu ukishuka hakuna ndege, leo au hata siku tatu. Acha siku mbili au tatu za akiba kati ya Lukla na ndege yako ya kurudi nyumbani. Usikubali mtu akuambie siku moja inatosha.

Msimu wa watu wengi ndege nyingi za Lukla hazitoki Kathmandu. Zinatoka Ramechhap, mwendo wa gari wa saa nne au tano, na safari inaanza usiku wa manane. Mzigo ni kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwa ndani ya hesabu hiyo.

Hatua ya 4: Karatasi na fedha

Viza ya Nepal Watanzania na Wakenya wanaipata uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30, kwa sababu ya Lukla hiyo hiyo. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Vibali vya njiani ni viwili, cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha na cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, na vyote vinapatikana njiani bila usumbufu.

Bima ndiyo watu wanaisoma haraka haraka. Bima nyingi za safari zinaishia mita 3,000 au 4,000. Yako iandikwe wazi kwamba inafika mita 6,000 na inalipia helikopta. Na helikopta yenyewe iwe ya shida ya kweli: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa wakala waliokuwa wakiwasukuma watalii wenye maumivu madogo kupanda helikopta ili bima zikamuliwe.

Beba rupia taslimu za kutosha. Mashine za kutolea fedha zipo Lukla na Namche, juu ya hapo usitegemee. Kila kitu kinapanda bei kadiri unavyopanda, maana kimebebwa mgongoni mwa mtu au mnyama: maji ya moto, kuchaji simu, kuoga.

Hatua ya 5: Mwili

Kambini hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Kichwa kuuma kidogo, hamu ya kula kupotea na usingizi wa mang'amung'amu ni mambo ya kawaida. Ukiwa na dalili hizo usipande kituo kingine mpaka zitulie. Zikizidi, shuka, hata kama ni usiku. Kukohoa na kuhema hata ukiwa umekaa ni dalili ya maji kujaa mapafuni. Kuyumba kama mlevi ni dalili ya ubongo kuvimba. Yote mawili yanaua kwa saa chache, na tiba ya kwanza ni kushuka. Pheriche kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, iliyoanza mwaka 1973, na msimu wa safari madaktari wake hutoa maelezo ya mwinuko kila mchana. Nenda ukawasikilize.

Dawa ya asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, inasaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, lakini daktari wako aseme kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Mizigo sitaandika sana. Viatu vilivyokwishazoea miguu yako, begi la kulalia la baridi kali, jaketi la manyoya ya bata, vidonge vya kusafishia maji. Jaketi na begi unaweza kukodi Kathmandu, mtaa wa Thamel.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Moshi: Mkuu, shukrani kwa somo. Nikipanda Kili mwezi mmoja kabla, si nitakuwa nimeshazoea?*

Utakuwa umejijua, na hilo lina thamani. Lakini mazoea ya mwinuko yanapotea ndani ya wiki chache ukirudi chini. Ukifika Lukla unaanza upya kama wengine.

*Mwanachama wa Mwanza: Mimi nina chembe ya siko seli, yaani AS, siumwi. Naweza kwenda?*

Swali zuri, na kwetu Waafrika lingekuwa la kwanza kuulizwa. Wenye ugonjwa kamili, SS, wasiende. Wenye AS wengi hupanda salama, ila kuna hatari inayojulikana ya bandama kukosa damu kwenye mwinuko. Maumivu makali ubavuni kushoto, juu ya tumbo, yakitokea huko, shuka mara moja na umwambie daktari hali yako. Kamuone daktari kabla ya kulipa chochote. Na asiyejua hali yake akapime.

*Mwanachama wa Mombasa: Ustadh, vipi chakula cha halali?*

Kula mboga, ndugu yangu. Khumbu hawachinji kwa sababu za dini yao, nyama inabebwa kutoka chini bila friji, kwa hiyo hata asiye Mwislamu namshauri aiache. Wali kwa dengu, *dal bhat*, upo kila gesti na unaongezewa mpaka ushibe. Mayai na viazi havikosekani.

*Mwanachama wa Nairobi: Lazima niwe na guide?*

Nepal ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2023 wageni watembee na mwongozaji, lakini mamlaka ya Khumbu haikulifuata hilo na watu wameendelea kwenda wenyewe. Uliza hali ilivyo kabla ya kuondoka. Kwa safari ya kwanza mimi nasema mchukue, na mpagazi pia. Kikomo cha mzigo kinachopendekezwa kwa mpagazi Nepal ni kilo 30, wakati kwetu Kilimanjaro ni 20. Mpe 20, na uhakikishe ana viatu na bima.

*Mwanachama wa Dubai: Kaka, likizo yangu ni siku kumi tu, pamoja na ndege. Nibanebane vipi nifike kambini?*

Usibane. Nenda mpaka Tengboche, ulale, urudi. Tena kambini kilele cha Everest hukioni, kimezibwa na milima ya jirani. Wanaokitaka wanapanda Kala Patthar. Tengboche, anga likiwa wazi, unakiona kikichungulia nyuma ya ukuta wa mlima Nuptse, na mlima Ama Dablam wote mbele yako. Siku mbili zinazobaki ziwekee Lukla.