Bahari ikilala: ninavyoisoma ghuba ya Malindi siku za shwari

Kila tanga mbili ikifika, yaani majira ya kati ya kaskazi na kusi, watoto ninaowafundisha kuteleza kwa ubao huniuliza swali lilelile: "Kocha, wimbi litarudi lini?" Huniuliza wakiwa wameketi mchangani, mbao wamezilaza kando, na mbele yao ghuba imetulia kama uji uliopoa. Wengine hukata tamaa wakaondoka wasionekane hadi Juni. Mimi sikubali, kwa sababu katika siku za shwari ndimo nilimojifunza bahari. Hata ghuba ikilala wiki tatu, mna asubuhi mbili tatu zenye wimbi la kiunoni, safi, halina upepo juu yake. Anayejua kutafuta huzipata.

Tuanze na sababu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, na katikati yake pepo hazina mwenyewe. Hizo ndizo tanga mbili, za Aprili na za Novemba. Upepo usipovuma siku nyingi upande mmoja, hauna cha kulijengea wimbi. Mabaharia waliliishi jambo hili kwa karne nyingi. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi Aprili 1498, na kabla ya mwezi huo kwisha akang'oa nanga na rubani wa kumfikisha Calicut, maana kusi ilikuwa inakaribia. Sisi tunaosubiri wimbi tunasubiri upepo uleule.

Malindi ina bahati yake. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na mwamba, na wimbi huvunjikia huko nje, likifika ufuoni ni povu tu. Lakini ghuba iliyo kaskazini ya mji haina ukuta huo, kwa sababu mto Sabaki humwaga udongo na mchanga ambao matumbawe hayawezi kuuvumilia. Kwa hiyo hata wimbi dogo hufika hadi kwenye mafungu ya mchanga likiwa zima. Watamu au Diani siku kama hizi ningeacha ubao nyumbani, nichukue miwani ya kuzamia.

Sasa utabiri. Watu wengi hufungua simu, wakaona "mita 0.6", wakaifunga. Hilo ni kosa. Tazama namba ya pili, ile ya sekunde, yaani muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Wimbi lililozaliwa na upepo wa hapa karibu huwa la sekunde 5 au 6. Lililotoka mbali huwa la sekunde 12, 13, hata 15, na hilo limebeba nguvu chini kwa chini. Mimi hupiga hesabu hii: zidisha urefu kwa urefu, kisha kwa sekunde. Mita 0.8 yenye sekunde 6 inakupa 3.8. Mita 0.6 yenye sekunde 13 inakupa karibu 4.7. Lililoonekana dogo kwenye simu ndilo lenye nguvu, na likigusa mchanga wa kina kifupi huumuka likawa refu kuliko ulivyoahidiwa. Siku ya shwari nikiona sekunde zimevuka 11, sijali mita, naweka kengele.

Lakini sekunde peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa kuwa hili sikufundishwa na simu. Nilifundishwa na baba, aliyekuwa mvuvi wa ngalawa, na yeye alihesabu mwezi.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kama saa nne. Bamvua kubwa hupanda na kushuka karibu mita 4. Sasa fikiria fungu la mchanga ambalo wimbi dogo linahitaji juu yake maji ya mapajani tu ili livunjike vizuri. Kwenye bamvua, saa mbili za katikati pekee huhamisha nusu ya maji yote, yaani mita 2. Kina kinachokufaa hupita ndani ya nusu saa, hata chini ya hapo. Ukichelewa kufunga kamba ya mguuni, umekosa.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Mwezi ukiwa nusu, na siku moja mbili baada yake, maji husogea kama mita 1 tu. Kina cha mapajani hukaa juu ya fungu saa nzima, saa mbili. Na kuna neema nyingine. Siku hizo maji hupwa kama saa kumi alfajiri na kujaa kama saa nne asubuhi. Maana yake, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili yanajaa, yako nusu, na ndiyo saa ambayo umande bado unavuma. Kwa asiyeijua lugha ya mabaharia, umande huu ni ule upepo mwanana wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini. Unalikabili wimbi usoni, unalizuia lisianguke mapema, na kulilainisha hadi ling'ae. Mambo matatu hukutana kwa wakati mmoja: maji yanayojaa, kina kinachotulia, na umande. Kwa yeyote anayehesabu mwezi wa Kiislamu ni rahisi: tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24. Weka alama kwenye kalenda kabla hujafungua utabiri wowote. Kisha hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Wanaoteleza wakati wa kusi tu hawatanielewa. Wakati wa kusi bahari ina nguvu za kutosha, huhitaji kuchagua hivi. Siku za shwari kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Ukifika ufuoni usiingie. Tazama kwanza minazi: makuti yakielekea baharini, umande upo. Kama hakuna mnazi karibu, nusa. Umande huleta harufu ya moshi wa kuni kutoka majumbani, na upepo wa baharini hauna harufu hiyo. Halafu chagua kitu kimoja kisichosogea. Mimi hutumia nguzo moja ya gati, ya tatu kutoka mwisho, iliyovaa chaza hadi usawa wa kifua changu. Ninasubiri wimbi liifunike ile mistari ya chaza, naanzisha saa ya simu, nahesabu mawimbi yanayofuata, kisha nagawa muda kwa idadi yake. Juzi nilisimama pale kabla jua halijachomoza. Maji yalikuwa hayana hata mkunjo. Dakika moja, tano, tisa, hakuna kitu, kunguru tu wanagombana juu ya vichwa vya samaki. Kwenye dakika ya kumi na mbili chaza walianza kuzama taratibu, bila povu, bila sauti, kana kwamba nguzo ndiyo inashuka. Nikahesabu: sekunde 13. Yalikuja manne, la tatu likiwa kubwa kuliko yote, kisha kimya tena. Mtu aliyetazama dakika tano angerudi nyumbani akiapa kwamba bahari imekufa.

Ndiyo maana sheria yangu kwa watoto ni dakika 20 za kutazama. Mawimbi ya mbali huja kwa makundi, na siku za shwari makundi hayo huachana mno.

Ukishajua linapovunjikia, simama mahali pake ukitumia alama mbili za nchi kavu, kama wavuvi wanavyoshika mtego wao: mnara wa msikiti juu ya paa fulani, kwa mfano. Wimbi dogo halikusamehe ukiwa hatua nne pembeni. Chukua ubao mrefu na mnene. Ubao mfupi wa kusi utazama chini yako na utaumia bega kwa kupiga maji bure. Maji ya Aprili yana joto, hukaribia nyuzi 29 au 30, kwa hiyo nta tunayopaka juu ya ubao ili miguu isiteleze hulainika. Beba ngumu, na usiuache ubao juani upande wenye nta ukiwa juu. Vaa mikono mirefu. Konyeza, wale viwavi wa baharini wanaowasha, wakiwa wengi utanishukuru, na jua la saa tatu linaunguza hata mzoefu kama mimi.

Kuhusu hatari, nitasema wazi, kwa sababu utulivu hulaghai. Mwaka mmoja niliwachukua vijana wawili saa tatu asubuhi, siku ya bamvua, maji yakipwa. Nilikuwa nimeangalia urefu wa wimbi tu nikaona ni mdogo, nikadhani hakuna la kuogopa. Kati ya mafungu mawili ya mchanga kulikuwa na mfereji, na maji yote yaliyokuwa nyuma ya mafungu yalikuwa yanatokea hapo kurudi baharini. Juu palionekana laini kuliko mahali pengine popote. Ndiyo sababu tuliingilia pale. Ndani ya dakika chache gati lilikuwa dogo nyuma yetu. Kijana mdogo alianza kupiga maji kuelekea ufuoni moja kwa moja, akachoka. Niliwashika wote wawili kwenye ubao wangu, tukaacha kupambana na maji, tukakata kwa ubavu sambamba na pwani, na ngalawa iliyokuwa inarudi na samaki ikatupakia. Nilipomrudisha yule mtoto kwao, mama yake alinitazama tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo sipeleki mwanafunzi majini yakipwa kwenye bamvua, hata bahari iwe kama kioo. Sehemu laini isiyovunjika wimbi, katikati ya sehemu mbili zinazovunjika, ndio mfereji. Ukikuchukua, usishindane nao. Toka kwa pembeni.

Mvua nayo ina desturi yake hapa. Masika yakianza, mawingu huzaliwa baharini usiku na kusogea pwani alfajiri, saa zilezile tunazozitaka. Ukisikia ngurumo, toka majini, na usirudi hadi dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine. Mvua kubwa ikinyesha huko bara, Sabaki hushuka mwekundu na magogo, na ghuba nzima hubadilika rangi. Nasubiri siku mbili tatu maji yatakate. Na mdomoni mwa mto wenyewe sikaribii na ubao msimu wowote: mna viboko.

Sasa lile swali la watoto. Shwari ya Aprili huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni kusi yenyewe, na dalili zake huja kwa zamu: umande unafupika, unakufa saa moja badala ya saa tatu; mawingu madogo ya pamba yanakimbia kutoka kusini mashariki; mwani unaanza kulala ufuoni kwa mistari. Siku tatu mfululizo za namna hiyo, na mawimbi ya sekunde 7 au 8 yamefika. Ni mengi, yana vurugu, lakini yapo.

La pili ni tufani la mbali. Huku kwetu, karibu na ikweta, tufani ni nadra kufika, ila mawimbi yake hufika. Kenneth alipiga kaskazini ya Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya alifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, kwa hiyo usidhani msimu umekwisha kwa sababu ni Aprili. Ukisikia tufani liko karibu na ncha ya kaskazini ya Madagaska, piga hesabu: sekunde za wimbi zidisha kwa 2.8, unapata kilomita linazosafiri kwa saa. Wimbi la sekunde 14 huenda kama kilomita 39 kwa saa. Kutoka ncha ile hadi hapa ni kama kilomita 1,400. Siku moja na nusu, basi. Bahari itakuwa shwari leo jioni, shwari kesho asubuhi, na kesho kutwa alfajiri litaingia wimbi la kichwani bila upepo wowote kukuonya. Siku hiyo fuata tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa. Wakiwazuia wavuvi, wewe na ubao wako pia mmezuiwa. Baba alikuwa akisema bahari haishi zinge, yaani haikosi misukosuko, na alikuwa anasema hivyo siku za shwari hasa, akiwa anafunga ngalawa kwa kamba mbili.

Kwa wiki hii, ninavyoiona: leo ni tarehe 6 ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua imekwisha nguvu. Utabiri unatoa mita nusu tu, lakini sekunde zimekaa kwenye 12 hadi mwisho wa wiki, na upepo wa mchana ni mwepesi. Keshokutwa itakuwa tarehe 8. Anayetaka aje gatini saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ubao mrefu, na asiingie majini kabla yangu.