Kukimbia mbio na watoto hapa Mtwara

Kama unataka kuingia mbio na wanao usikimbilie kununua raba za bei, anza na ufukwe wa Shangani jioni jua likishapoa, maji yakipwa ule mchanga mgumu ni mzuri sana kwa miguu ya watoto, mnakimbia kidogo mnatembea kidogo, akitaka kuokota makombe mwache aokote. Wadogo waandikishe mbio za kilomita 2 au 5, zile za 21 ni za wakubwa. Siku ya mbio avae raba alizozizoea maana mpya zinachubua kisigino, namba yake ya mbio mbandike kifuani kwa pini pembe zote nne. Asubuhi uji mwepesi mapema, chapati za mafuta hapana, atatapika. Akichoka njiani tembeeni wote, usimburute mkono jamani, na maji mbebee mwenyewe.