Namna ya kupanda bakopa kwenye tangi la samaki wa maji baridi

Anayeanza kuotesha mimea kwenye tangi la samaki hana sababu ya kuanza na mimea inayodai mtungi wa hewa ya ukaa na taa za bei kubwa. Bakopa ya Carolina (Bacopa caroliniana), ambayo asili yake ni sehemu oevu za kusini-mashariki mwa Marekani, huvumilia maji ya bomba na hata ya kisima yenye chokaa nyingi, mradi joto lisitoke sana nje ya nyuzi 20 hadi 28. Inachodai ni subira, hasa katika majuma ya mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ulichouziwa ndicho. Majani yake huota mawili mawili yakitazamana, ni manene kiasi, na ukilisugua jani moja kati ya vidole utasikia harufu inayofanana na ya limau, harufu ambayo ndugu yake mwenye majani membamba, Bacopa monnieri, hana. Ondoa kipande cha madini ya risasi au sifongo iliyofunga mashina, uyasuuze, kisha uchunguze upande wa chini wa majani, kwa kuwa mayai ya konokono hujificha hapo yakiwa kama utelezi mgumu unaong'aa.

Pili, kata kila shina kwa wembe au mkasi mkali libaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15, ukipitisha mkato chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapoota kwenye shina, na uondoe majani ya vifundo viwili vya chini, ambako mizizi itatokea. Shina la bakopa hupondeka upesi, na sehemu iliyopondeka huoza. Kwa hiyo itupe bila kuionea huruma.

Tatu, panda kwa kibano kirefu katika changarawe laini yenye kina cha sentimita 5 au zaidi, ukilichomeka shina kwa kulilaza kidogo ili lisielee. Wengi hupanda fungu zima kama lilivyotoka dukani, jambo ambalo silishauri hata kidogo, kwani mashina ya katikati hukosa mwanga na kupukutisha majani ya chini. Acha nafasi ya sentimita 3 hivi kati ya shina na shina. Samaki wanaofukua changarawe wataling'oa kila utakalopanda, lakini gapi na wenzao wadogo hawana shida.

Nne, washa taa kwa saa 6 kwa siku katika majuma mawili ya kwanza, halafu uongeze hadi 8. Ukianza na saa nyingi, mwani utajinufaisha kabla mmea haujashika mizizi.

Sasa inakuja hatua inayowashinda wengi, nayo ni kutofanya lolote. Bakopa nyingi za kuuzwa hukuzwa zikiwa nje ya maji, na majani hayo ya hewani hayadumu yakizamishwa: hugeuka manjano, huwa laini na kuanguka, huku ncha ikitoa majani mapya membamba zaidi. Usiupime mmea kwa sehemu ya chini, upime kwa ncha. Ncha ikiwa bado ngumu na ya kijani, au ikielekea rangi ya shaba chini ya mwanga mkali, mmea u hai. Kinyesi cha samaki kwa kawaida hutosha kuwa mbolea. Ila majani machanga yakipauka huku mishipa yake ikibaki kijani, ongeza mbolea ya maji yenye madini ya chuma.

Shina likifika juu ya maji, likate katikati. Upande kipande cha juu kando yake, na kisiki kilichobaki kitachipua matawi, mara nyingi mawili. Masalia usiyatupe mtaroni wala mtoni, maana hata kipande kidogo chenye kifundo huweza kuota, na gugumaji lililotoka Amerika Kusini limekwisha kuwatesa wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji.